Kipimo cha jeni: nipitishie bima au nilipe mfukoni?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Marekani, nina miaka 38. Mama yangu alifariki kwa saratani ya ovari akiwa na miaka 52. Mama mdogo, ambaye ana miaka 68 na anatumia Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, alitibiwa saratani ya matiti miaka michache iliyopita. Daktari ameniandikia kipimo cha jeni za BRCA, zile ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti na ovari, pamoja na nyingine kadhaa. Nina bima ya kazini, lakini kila mwaka lazima kwanza nilipe mwenyewe dola 3,000 ndipo ianze kunilipia, na mwaka huu sijalipa hata senti. Mwenzangu kazini alipima akaletewa karatasi ya zaidi ya dola 5,000. Maabara nayo inasema nikiweka bima pembeni nitalipa dola 250 tu. Inakuwaje mwenye bima alipe zaidi kuliko asiye nayo? Nifuate njia ipi? Na kaka yangu, ambaye hana bima kabisa, naye apime?

Jibu: Pole sana kwa kumpoteza mama, dada. Nitatanguliza jibu, maelezo yafuate. Hizo dola 250 usizilipe kwa sasa, na pia usiiache sampuli yako iende kwa bima kimyakimya. Kwa historia ya familia uliyoieleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba sheria inaitaka bima yako igharamie kipimo cha BRCA chote bila wewe kuchangia chochote, hata kama zile dola 3,000 hujazigusa. Dola 250 ni njia ya akiba, ikishindikana hiyo ya kwanza. Na kama mambo yangekuwa mikononi mwangu, ningemtanguliza mama mdogo kwenye kiti cha kutolewa damu. Sababu zake nitazieleza mbele.

Tuanze na karatasi ya mwenzako, maana hiyo ndiyo inayowatisha watu wengi mpaka wanaacha kupima. Kipimo kimoja cha jeni kina bei tatu. Ya kwanza ni ile ambayo maabara inaiandika kwenye madai inayopeleka kwa bima. Hiyo huwa kubwa kwa makusudi: maabara inajua haitalipwa yote, na haitaki kudai chini ya kile ambacho bima yoyote ingekubali kutoa. Ya pili ni bei ambayo maabara na kampuni ya bima wamekubaliana kwenye mkataba wao. Ya tatu ni ya mtu anayelipa mwenyewe papo hapo. Bei ya kwanza karibu hakuna anayeilipa. Ya pili ndiyo inayokuhusu wewe mwenye bima, na ajabu ni kwamba mara nyingi ni kubwa kuliko ya tatu.

Huenda alichoona mwenzako hakikuwa hata ankara. Kampuni za bima hutuma karatasi ya maelezo ya malipo, na kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi yenyewe kwamba hii si ankara. Inaonyesha bei ya kwanza, kisha punguzo la mkataba, kisha sehemu ya bima, na mwisho sehemu ya mgonjwa. Macho ya wengi hugota kwenye namba ya juu. Muulize mwenzako mwishowe alitoa kiasi gani mfukoni mwake. Mara nyingi jibu ni sifuri au dola mia na kitu, ingawa wapo walioumia kweli.

Hadi mwaka 2013 swali lako lisingekuwepo. Kampuni ya Myriad Genetics ya Utah ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kutumia peke yake, za jeni za BRCA1 na BRCA2, na kipimo kamili kiligharimu kati ya dola 3,000 na 4,000, upende usipende, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliamua kwamba DNA kama ilivyo katika mwili wa binadamu haiwezi kuwekewa hataza. Siku hiyohiyo maabara nyingine zikatangaza kwamba nazo zitapima. Mwaka 2015 kampuni ya Color ikaingia sokoni na kipimo cha jeni 19 kwa dola 249, na tangu hapo bei ya anayelipa mwenyewe kwa saratani za kurithi haijasogea mbali sana na hapo. Maabara inaweza kuuza kwa bei hiyo kwa sababu ukilipa mwenyewe hakuna kuomba kibali, hakuna madai kurudishwa, hakuna kundi zima la wafanyakazi wa kubishana na bima kwa miezi minane. Kusoma DNA kwenyewe kumekuwa rahisi sana. Kinachokula pesa ni tafsiri ya majibu na makaratasi ya malipo.

Sasa sheria. Sheria ya bima ya mwaka 2010, ile inayojulikana kama Obamacare, inazitaka bima nyingi zigharamie bila mchango wa mgonjwa huduma zote za kinga zilizopewa daraja A au B na jopo la taifa la wataalamu wa kinga liitwalo USPSTF. Kipimo cha BRCA kina daraja B, na mapendekezo ya mwaka 2019 yanawahusu wanawake ambao katika familia yao kuna saratani ya matiti, ovari, mirija ya uzazi au utando wa tumbo, pamoja na wale waliowahi kuugua wenyewe na kumaliza matibabu. Mwaka 2013 serikali ilifafanua kwamba kinachogharamiwa ni ushauri pamoja na kipimo chenyewe, kwa sababu baadhi ya bima zilikuwa zikilipia mazungumzo na kumwachia mgonjwa bei ya maabara. Sharti hilo la huduma za kinga lilipelekwa mahakamani, na mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ikaliacha lisimame.

Mama aliyefariki kwa saratani ya ovari ni kigezo kizito peke yake. Ukiongeza mdogo wake mwenye saratani ya matiti, sioni jinsi mtathmini makini anavyoweza kukuweka nje. Lakini sheria kuwa upande wako ni jambo moja, na mfumo wa malipo kukutambua ni jambo lingine. Watu wengi waliostahili sifuri wamelipa kwa sababu ya mambo madogo yaliyoharibika katikati, na hayo ndiyo nataka uyashughulikie kabla damu haijatolewa.

La kwanza ni utaratibu. USPSTF imeupanga hivi: daktari wa kawaida anafanya tathmini fupi ya hatari ya kifamilia, anayeonekana yuko hatarini anaonana na mshauri wa vinasaba (jeni), kisha kipimo kinaandikwa kama kinafaa. Bima nyingi haziruki hatua ya mshauri. Kama daktari wako amekuandikia kipimo moja kwa moja, uliza kama bima itakubali hivyo au inataka kwanza umwone mshauri. Ushauri huo nao uko ndani ya ile huduma isiyo na mchango, na siku hizi unaweza kufanyika kwa simu au video.

La pili, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, ni idadi ya jeni. Sharti la sifuri linazitaja BRCA1 na BRCA2. Daktari wako ameandika "na nyingine kadhaa", yaani kipimo cha jeni nyingi kwa pamoja. Kitabibu ni uamuzi mzuri, kwa kuwa saratani ya ovari katika familia inaweza kutokana na jeni nyingine pia, na maabara inatumia sampuli ileile. Kimalipo, bima inaweza kusema: BRCA nalipa, hizi nyingine zipite kwenye kizingiti chako cha dola 3,000. Baadhi ya bima hulipia zote bila neno. Usikubali kujibiwa kwa jumla jumla. Uliza kwa misimbo, yaani alama za namba zinazotumika kudai malipo ya kila huduma.

Misimbo hiyo ni hii. Kipimo kamili cha BRCA1 na BRCA2 hudaiwa kwa 81162. Kipimo cha jeni nyingi za saratani ya matiti ya kurithi hudaiwa kwa 81432. Historia ya saratani ya matiti katika familia ni Z80.3, na ya ovari ni Z80.41. Halafu kuna kinamba kidogo, 33, ambacho huambatishwa kwenye msimbo wa kipimo kuieleza bima kwamba hii ni huduma ya kinga chini ya sheria ya 2010. Madai yakienda bila hicho 33, kompyuta ya bima inaweza kuyachukua kama kipimo cha maabara cha kawaida na kukusomea kizingiti chako. Hakuna mtu aliyekudhulumu hapo. Ni tarakimu mbili tu hazikuandikwa. Nina hakika hili linachangia ankara nyingi kuliko kampuni za bima zenye roho mbaya, ingawa nazo zipo.

La tatu ni maabara ipi. Sifuri inapatikana kwa maabara iliyo ndani ya mtandao wa bima yako, yaani kundi la watoa huduma wenye mkataba nayo. Daktari anaweza kuwa ndani na maabara aliyozoea kuitumia ikawa nje. Kama bima haina maabara yoyote ya mtandao inayofanya kipimo hicho, inalazimika kukubali ya nje bila mchango wako, lakini hapo lazima uombe mapema na upewe jibu kwa maandishi.

Kwa hiyo ipigie bima kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako. Waulize kama mpango wenu unafuata sharti la huduma za kinga bila mchango. Mipango ya zamani iliyokuwepo kabla ya tarehe 23 Machi 2010 na ambayo haijabadilishwa sana haibanwi, wala zile bima za muda mfupi na vikundi vya kuchangiana gharama, ingawa ya kazini kwako yaelekea inabanwa. Wasomee misimbo, uliza kama kila mmoja unalipiwa kama kinga, kama kibali cha awali kinahitajika na nani anakiomba, kisha uliza jina la maabara ya mtandao. Andika tarehe, jina la uliyezungumza naye na namba ya mazungumzo hayo. Hiyo namba ndiyo utakayoihitaji kuliko kitu chochote kama miezi mitatu baadaye utaletewa ankara.

Tuseme jibu ni hapana, au ni ndiyo kwa BRCA na hapana kwa zilizobaki. Hapo ndipo dola 250 zinapoingia, na hesabu yake si ngumu. Chukua mfano kwamba bei ya mkataba kati ya bima yako na maabara ni dola 1,800. Namba hiyo sikuiokota hewani, kwani inakaribiana na kiwango ambacho Medicare huilipa maabara kwa 81162. Kwa kuwa kizingiti chako hakijaguswa, dola zote 1,800 ni zako. Na hata kama ungekuwa umekwisha kukivuka na unachangia asilimia 20 tu, ungelipa 360, ambazo bado ni nyingi kuliko 250. Bima inaishinda bei ya taslimu pale tu unapokuwa umefika ukomo wa mwaka, yaani kiasi cha juu unachoweza kudaiwa kuchangia, au pale mkataba wa bima na maabara unapokuwa na bei ya chini sana.

Kuna hali nyingine inayobadilisha hesabu. Pesa unazolipa nje ya bima kwa kawaida hazihesabiwi kwenye kizingiti. Kama tayari unajua kwamba mwaka huu utafanyiwa upasuaji au utajifungua, kizingiti utakimaliza tu, basi hata ukilipa 1,800 kupitia bima umepunguza tu deni ambalo lilikuwa linakusubiri, na zile 250 zingekuwa nyongeza. Kwa mtu mwenye mwaka mtulivu, taslimu. Kwa mwenye mwaka wa hospitali, bima.

Ukichagua taslimu, amua kabla ya sampuli kupelekwa, kwa kuwa madai yakishafika kwa bima kurudi nyuma ni shida. Unaweza kulipa kwa akaunti ya akiba ya afya isiyokatwa kodi, kama mpango wako unakuruhusu kuwa nayo. Na kuna haki ambayo watu wachache wanaijua: ukilipa huduma yote mwenyewe, unaweza kumtaka mtoa huduma kwa maandishi asiipelekee bima taarifa ya huduma hiyo, na sheria ya usiri wa afya inamlazimu kukubali.

Jambo lingine kuhusu maabara. Nyingi hukadiria mchango wako baada ya kupokea sampuli, na makadirio yakizidi kiasi fulani, mara nyingi dola 100, hukutumia ujumbe wa simu au barua pepe. Ujumbe huo unaonekana kama matangazo na watu huufuta. Usiufute. Kwa baadhi ya maabara, ukikaa kimya wao wanaendelea na kipimo na bima inadaiwa. Ukijibu, unapewa nafasi ya kuhamia bei ya taslimu.

Turudi kwa mama mdogo. Nimesema ningemtanguliza kwa sababu ya kitabibu kwanza: mtu aliyekwisha kuugua ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na badiliko la jeni, kama lipo katika familia. Akipatikana nalo, nyinyi wengine hamhitaji tena kutafuta gizani, mnapimwa badiliko hilohilo moja. Sababu ya pili ni pesa. Tangu Januari 2020 Medicare imeruhusu kulipia vipimo vya jeni za kurithi kwa wagonjwa wa saratani ya matiti au ovari wenye dalili za kurithi, na vipimo vya maabara vinavyokubaliwa na Medicare hugharamiwa asilimia 100 chini ya Sehemu B ya bima hiyo, bila ile asilimia 20 ambayo mgonjwa huchangia kwa kawaida. Kama yuko kwenye Medicare Advantage, yaani ile inayoendeshwa na kampuni binafsi, haki ya kupimwa ni ileile ila wanaweza kudai maabara ya mtandao na kibali cha awali. Na kama yuko kwenye Medicare ya kawaida, maabara ikimletea fomu ya kumtaarifu kwamba huenda Medicare isilipe, asisaini bila kuisoma, kwa sababu kwa saini ile amekubali kulipa mwenyewe ikikataliwa.

Angalizo: Medicare haimlipii mtu mwenye afya njema kwa sababu tu ndugu zake waliugua. Ni ugonjwa wake mwenyewe unaomfungulia mlango. Na mtu yeyote akimfuata kanisani, msikitini au kwenye kituo cha wazee akitaka kumpangusa shavu kwa ajili ya "kipimo cha jeni cha bure" huku akiomba namba yake ya Medicare, amkimbie. Mwezi Septemba 2019 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 35 katika operesheni moja ya udanganyifu wa aina hiyo, na madai yaliyohusika yalizidi dola bilioni 2.1.

Mama mdogo akipatikana na badiliko, baadhi ya maabara huwapima ndugu bure au kwa bei ndogo sana, mradi wajitokeze ndani ya muda fulani baada ya majibu yake, mara nyingi miezi mitatu hivi. Uliza kama mpwa anaingia, kwa sababu baadhi huishia kwa mzazi, mtoto na ndugu wa tumbo moja. Akikosa badiliko, usifurahi mapema. Saratani ya matiti ni ya kawaida kiasi kwamba ya kwake inaweza kuwa imetokea yenyewe, huku ya mama yako ikiwa ya kurithi. Katika hali hiyo wewe bado unahitaji kipimo chako kamili, kwa hiyo usimsubiri kwa miezi mingi. Akikawia, tangulia.

Kwa kaka yako mambo ni mafupi zaidi. Ndiyo, wanaume nao hurithi na kurithisha. Mwenye badiliko la BRCA2 hasa ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume, kongosho na hata matiti, na watoto wake wa kike na wa kiume kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Lakini mapendekezo ya USPSTF yanawataja wanawake tu, kwa hiyo hata siku atakapopata bima, asitegemee ile sifuri ya kisheria. Asiharakishe kulipa 250 leo. Wewe au mama mdogo mkipatikana na badiliko, kaka anaweza kupimwa hilo moja kwa bei ndogo au bure kabisa. Msipopatikana nalo nyote wawili, azungumze na mshauri kabla ya kutoa pesa.

Akilazimika kulipa, tangu tarehe 1 Januari 2022 mtoa huduma analazimika kumpa asiye na bima makadirio ya gharama kwa maandishi, anapoomba au anapopanga miadi. Ankara ikija ikiwa imezidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, ana siku 120 za kuipinga kupitia utaratibu wa serikali. Makadirio hayo yahifadhiwe pamoja na risiti. Maabara nyingi pia zina msaada kwa watu wa kipato cha chini. Fomu ni fupi, ila lazima aiombe mwenyewe. Na aangalie kama anastahili Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini, katika jimbo lake, kwa kuwa masharti hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo.

Kuna anayeweza kumshauri anunue kile kifurushi cha kutema mate nyumbani. Sikishauri kwa familia yenu. Kibali cha kwanza ambacho 23andMe, kampuni inayouza vifurushi hivyo, ilipewa mwaka 2018 kwa ajili ya BRCA kilihusu mabadiliko matatu tu, ambayo hupatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wakati mabadiliko yanayojulikana katika jeni hizo ni maelfu. Baadaye orodha iliongezwa, lakini bado ni kipande kidogo. Mtu mwenye asili ya Afrika Mashariki akipata jibu la "hakuna kilichoonekana" hapo, karibu hajaambiwa kitu. Na kikionekana kitu, itabidi kirudiwe kwenye maabara ya kitabibu, yaani alipe mara mbili.

Hilo la asili linahusu pia kipimo kamili. Kwa watu wenye asili ya Kiafrika, maabara hurudisha mara nyingi zaidi jibu kwamba badiliko limeonekana lakini maana yake haijulikani, kwa sababu hazina za taarifa zimejazwa na watu wa asili ya Ulaya. Jibu hilo si ugonjwa, na halitoshi kuwa sababu ya upasuaji. Usilipe kurudia kipimo kwa ajili yake. Maabara nzuri hulitafsiri upya maarifa yakiongezeka na kumjulisha daktari bila malipo ya ziada, mradi wanajua ulipo. Ukihama au kubadilisha daktari, wape anwani mpya.

Ukisikia watu wanataja bei tofauti kabisa na hizi, huenda wanazungumzia kipimo kingine. Kipimo cha kusoma sehemu zinazotengeneza protini katika jeni zote za mtu, kwa mtoto mwenye ugonjwa wa nadra kwa mfano, Medicare imekiwekea dola 4,780. Oncotype DX, ambacho hupima uvimbe wenyewe ili kuona kama mgonjwa anahitaji kemotherapia, ni dola 3,873. Hayo ni mambo ya mtu aliyekwisha kuugua na hayakuhusu.

Kinachokuhusu zaidi ni gharama zinazofuata baada ya majibu. Ukipatikana na badiliko la BRCA, utashauriwa kipimo cha picha cha MRI ya matiti kila mwaka pamoja na mamografia, yaani eksirei ya matiti, na MRI hiyo mara nyingi hupitia kizingiti. Kwa hiyo usiangalie 250 dhidi ya 1,800 peke yake. Kama una nafasi ya kuchagua mpango wa bima mwishoni mwa mwaka, pima kabla ya dirisha hilo kufunguliwa. Ukijua una badiliko, mpango wenye makato makubwa ya mwezi na kizingiti kidogo unaweza kukufaa zaidi kuliko huu ulio nao.

Na bima ikikataa wakati unaamini unastahili, omba sababu kwa maandishi, kisha kata rufaa. Una siku 180 tangu upokee kukataliwa kwa rufaa ya ndani, na ikishindikana, miezi minne ya kuomba mtu huru wa nje aangalie. Mwombe daktari aandike barua yenye umri wa mama, aina za saratani, na kutaja daraja B la USPSTF kwa jina. Kabla ya hapo piga simu maabara uulize kama ile 33 iliwekwa. Mara nyingine madai yakitumwa upya na tarakimu hizo, deni linafutika bila rufaa yoyote.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye swali lako. Sheria ya GINA ya mwaka 2008 inaikataza bima ya afya kukukataa au kukupandishia bei kwa sababu ya majibu ya jeni, na inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kuyatumia dhidi yako. Haigusi bima ya maisha, ya ulemavu, wala ya matunzo ya uzeeni. Florida imezizuia hizo nazo tangu 2020, lakini majimbo mengi hayajafika huko. Kama ulikuwa na mpango wa kukata bima ya maisha kwa ajili ya wanao, peleka maombi yako sasa, kabla ya kupima. Ila usikubali karatasi hizo zikuzungushe mwaka mzima. Mwanamke mwenye BRCA1 hushauriwa kufikiria kuondolewa ovari na mirija kati ya miaka 35 na 40, akiwa amemaliza kuzaa, na wewe tayari una 38.